Aliyeshuka Burmadow kwa Miguu Minane

Kitendawili! Kama umeitika "tega", basi tega na sikio. Alipanda mlima kwa miguu miwili, akashuka kwa miguu minane, na katika hiyo minane hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Ni nani? Usifikirie ngamia, ngamia ana minne. Usifikirie buibui, buibui huja na yake mwenyewe. Ukishindwa nipe mji, nami nitauchukua bila haya, maana hata watu wa Harogudud walioiona kwa macho miguu hiyo ikitoka kwenye ukungu walichelewa kuelewa wanatazama nini.

Sahro ndiye aliyeelewa kwanza. Ilikuwa Jumanne, tarehe 18 Novemba 1997, saa tisa na robo alasiri. Alikuwa mlangoni mwa kibanda chake cha chai, mkabala na kituo cha polisi, akikamua maji kwenye gunia la kufunikia kuni, akaona wanaume wanne wakishuka njia ya mlima Burmadow na kitanda cha fito mabegani. Mgonjwa akibebwa huachwa uso wazi apate kupumua. Huyu alikuwa amefunikwa mpaka utosini.

"Inna lillahi," akasema, akalitua gunia.

Walikuwa wamembeba Abshir, kijana wa miaka ishirini na minane, mwana pekee wa mama yake, Yurub. Walikwenda kumtafuta alfajiri, wakamkuta upande wa magharibi wa mlima, chini ya genge. Na mkubwa wa wabebaji alimwambia Sajini Mwachofi wa kituo kile, Sahro akitafsiri, jambo lililowanyamazisha wote waliokusanyika: maiti ilikuwa imefunikwa. Matawi ya mgunga yaliyokatwa kwa panga yalipangwa juu yake, miba ikielekea nje, na juu ya matawi mawe, vile watu wanavyofanya ili fisi asifike.

"Mtu akiteleza," Sajini akasema polepole, "hajifuniki mwenyewe."

Kabla ya magharibi Abshir alikuwa ameshazikwa, na Guleid ameshafungiwa. Guleid alikuwa na miaka ishirini, mjukuu wa Sahro, yatima aliyekulia kati ya birika na sufuria za kibanda kile.

Harogudud ni kituo kidogo chini ya milima, nusu siku kwa lori kutoka Takaba, na kwa mvua ya mwaka ule hata lori halikufika. Lagga, ule mkondo ambao miezi kumi ni mchanga mtupu, ulijaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Nyumba za udongo zililainika. Usiku wa kuamkia Jumatatu ukuta wa msikiti uliporomoka, watu wakawa wanaswali kwenye baraza la duka. Mwaka uliotangulia ukame ulimaliza ng'ombe. Sasa maji yalikuwa yanamaliza mbuzi. Kwato zilioza, mifugo ikafa imesimama kwenye tope.

Ndiyo maana Jumamosi wazee waliamua kupeleka sahan. Sahan ni watu wawili wanaotumwa kutazama malisho kabla jamii haijahama. Hupanda alfajiri na kushuka siku hiyohiyo, na hakuna anayeaminiwa kwa maneno matupu. Kila mmoja hung'oa nyasi pale alipofika, pamoja na mizizi, akazifunga kwenye pembe ya shuka yake, azifungue mbele ya wazee. Mzizi ndio unaoonyesha udongo umelowa kina gani. Kishada hicho kikishafunguliwa, mamia ya watu hubomoa vibanda vyao na kuondoka kwa sababu yake. Safari hii walitumwa Abshir na Guleid, Jumatatu.

Jumatano saa mbili asubuhi Sajini Mwachofi alifungua daftari lake. Alikuwa Mtaita, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, na Kisomali chake kilikuwa salamu na neno la chai, basi. Sahro, aliyesoma mpaka darasa la nne huko Garissa baba yake alipokuwa mpishi wa wafanyakazi wa barabara, ndiye aliyekuwa akimtafsiria kila kesi ya ngamia na kila ugomvi wa kisima.

"Mama, leo ningependa mtu mwingine," Sajini akasema. "Huyu ni mjukuu wako."

"Mtafute, afande. Mwalimu amefungiwa na lagga huko Takaba. Wengine wote Kiswahili chao ni cha kununua chumvi. Nikigeuza neno moja, nifungie humo ndani pamoja naye."

Sajini alimtazama, kisha akaagiza Guleid atolewe.

Kijana aliapa, akasema. Walianza kupanda saa kumi na mbili asubuhi. Njia ilikuwa inateleza kama sabuni, na walifika kwenye jiwe kubwa la kileleni saa tano. Ukungu ulikuwa mzito. Wakagawana: yeye mashariki, Abshir magharibi, wakutane jiweni saa saba.

"Nilingoja mpaka saa tisa, ayeeyo," akamwambia bibi yake. "Mwambie. Nilimwita mpaka koo likakauka. Upepo unakurudishia sauti yako mwenyewe mdomoni. Nikasema labda amenitangulia. Saa tisa usipogeuka, giza linakukuta kwenye mawe."

"Fimbo yake umeipata wapi?" Sajini akauliza. Fimbo ya Abshir, yenye panda juu, ilikuwa mezani. Ilikutwa nyumbani kwa Guleid.

"Alinipa yeye. Upande wangu ulikuwa na mteremko mbaya zaidi. Akasema, chukua, usije ukanivunjikia huko nikalazimika kukubeba, una mifupa mizito kama ya ngamia."

Sahro alitafsiri mpaka kicheko kilichokuwa ndani ya maneno hayo. Sajini hakucheka.

"Na Ijumaa, kwenye kibanda cha bibi yako, mligombana?"

Guleid aliinamisha kichwa. "Alinimwagia chai. Nilimwambia kwamba msimu uliopita sahan yake ilitupeleka kwenye mawe matupu."

"Ukasema nini baada ya hapo?"

"Nikasema tutakutana mlimani, huko hakuna wa kutuamua." Akainua macho. "Ayeeyo, ni maneno ya hasira tu. Jumatatu tulikula mkate mmoja wa anjera!"

Aliporudishwa ndani, Sajini alifunga daftari. "Mama, nimewasiliana na Mandera kwa redio. Maji yanapungua. Gari litafika Ijumaa asubuhi. Wakubwa wanataka mtu, na nisipokuwa na mwingine, nitampa huyu. Unajua shitaka la kuua linaishia wapi?"

"Kwenye kamba," Sahro akasema.

"Basi una leo na kesho ya kukumbuka chochote unachokijua."

Saa nne aliletwa Salah, mfanyabiashara mwenye punda, aliyeonekana Jumatatu akitokea upande wa mlima. Huyu alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, cha sokoni.

"Mimi hakuna kuua mtu, afande. Mimi kwenda mlima kutafuta ubani. Ubani tu, wallahi."

Sahro alishindwa kujizuia. "Ubani wa mvua hii? Ukilowa unakuwa kama maziwa yaliyoganda. Nani atakununulia, Salah, mkwe wako?"

"Mama, unatafsiri au unahoji?" Sajini akauliza.

"Anaongea Kiswahili, afande. Nimebaki bila kazi."

Salah alitazama paa, akatazama viatu vya Sajini, akakata tamaa. "Haya. Ilikuwa sukari. Magunia mbili, kutoka ng'ambo ya mpaka. Usinifunge kwa hiyo, Mungu amenifunga tayari: mvua imekunywa yote. Bunda zote ya kijiji sasa zinaramba mgongo ya bunda yangu."

"Ulipita wapi?"

"Magharibi, chini ya mlima. Saa tano hivi nikasikia kengele ya mbuzi, juu, juu kabisa. Mimi nikalala kwa majani. Nikafikiri ni bolisi."

"Polisi wanavaa kengele?"

"Mtu akiwa na sukari, afande, kila kitu ni bolisi."

Sajini alimfukuza. Lakini Sahro alikuwa ameacha kutabasamu. Mlima ulikuwa umefungwa na wazee. Hakuna mfugo uliotakiwa kukanyaga huko kabla sahan haijaleta neno. Mbuzi waliofika juu kabla ya sahan walikuwa wa nani?

Saa tano alikuja Rage. Alikuwa mkubwa wa wazee wa Harogudud, na alikuwa mdogo wake Sahro, tumbo moja. Sahro alimlea tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka tisa. Siku hizo Rage aliangukia moto alioukoka Sahro, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikaganda kwenye kiganja, hakikufunguka tena. Hata sasa alipokea kikombe cha chai kwa vidole vinne, na Sahro, kama kila siku, alitazama pembeni.

"Abaayo, mwambie bwana mkubwa nimekuja kusema ukweli ingawa unaniuma," Rage akamwambia dada yake, naye akatafsiri. "Ijumaa nilikuwa kibandani. Nilimsikia kijana kwa masikio yangu. Ni mjukuu wa dada yangu, kwangu pia ni mjukuu. Lakini mimi ni mzee wa watu. Siwezi kuficha."

Sahro alilitoa kila neno kama mtu anayetema mawe, na hakuacha hata moja.

"Na wewe mzee, Jumatatu ulikuwa wapi?" Sajini akauliza. "Namuuliza kila mtu."

"Homa ilinilaza tangu Jumapili mchana. Jumatatu adhuhuri nilijikokota mpaka msikitini, nikakaa pembeni ukutani kwa sababu ya udhaifu, nikaswali, nikarudi kujifunika, sikutoka tena mpaka leo."

Sajini aliandika. Rage alimaliza chai yake, akamshika dada yake bega. "Subira, abaayo. Tutamwombea."

Mchana Sahro alikwenda kumpa pole Yurub, na njia ilipita zizi la Rage. Alisimama. Rage alibakiwa na mbuzi sitini baada ya ule ukame, sitini tu, yeye aliyekuwa na mia nne. Ua la miba lilikuwa limefungwa. Ndani, tope lilikuwa limetulia laini kama uji uliopoa kwenye sahani. Mvua hufuta nyayo, ni kweli. Lakini zizi linalolaza mbuzi kila siku halipati nafasi ya kutulia hivyo.

"Mbuzi wako wapi, wifi?" akaita.

"Laggani!" mke wa Rage akajibu kutoka ndani, bila kutokeza kichwa. "Kwenye majani ya laggani!"

Laggani hakukuwa na majani. Kulikuwa na maji.

Kwa Yurub alikaa kwenye mkeka kitambo kirefu. Yurub hakuwa analia. Aliuliza jambo moja tu: "Kishada chake kilifunguliwa?"

"Bado. Shuka iko kwa polisi."

"Kifunguliwe. Mwanangu hakupanda kule kutembea."

Saa tisa Sahro alikuwa tena mbele ya meza ya Sajini. Aliomba kuiona shuka. Sajini akaitoa kwenye mfuko, bado mbichi, ya kijani, na kwenye pembe moja kulikuwa na fundo lililovimba.

"Nilidhani ni tumbaku," Sajini akasema, akanyoosha mkono kulifungua.

"Usilifungue!"

Alikuwa hajawahi kumpigia kelele mtu wa serikali. Aliivuta shuka karibu na dirisha. Akaligeuza fundo upande huu, akaligeuza upande ule. Kitambaa kilikuwa na alama za meno. Aliliacha fundo, akalishika tena.

"Mama? Umeona nini?"

"Ngoja kwanza." Kwa ncha ya kucha alivuta unyasi mmoja kutoka ubavuni mwa fundo, kisha wa pili, wa tatu. Kavu, za rangi ya kaki, za kuota kwenye mawe matupu. Nazo zilikuwa zimekatwa; hazikuwa na mizizi. Akamweleza Sajini sahan ni nini na mzizi una kazi gani. "Abshir amepanda mara saba. Hawezi kukata nyasi. Mtu alikifungua kishada chake, akatupa alichokileta, akatia uongo, akafunga upya. Anayetaka sahan iseme mlima hauna kitu ndiye aliyemfunika kwa miba."

"Na huyo ni nani?"

Jina lilikuwa mdomoni mwake. Upande wa pili wa ukuta Guleid alikuwa anakohoa. Sahro alikisikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha.

"Kesho tupande, afande," akasema. "Mimi, wewe, na mama wa marehemu. Jamii imlete mzee wa kutuongoza. Mwombe Rage. Na shuka hiyo uje nayo kama ilivyo."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi walianza. Rage alitangulia na fimbo, akinung'unika kwamba wanawake wazee wawili watamfia njiani. Yurub alifuata, gauni limefungwa kiunoni. Sajini alivaa gambuti, na hazikufika mbali. Penye mawe ya kwanza aliteleza akakaa, akazivua, akazining'iniza shingoni na kupanda peku.

"Kwetu Taita ndivyo tunavyopanda," akasema. "Serikali ndiyo inayotupa viatu vya kuvukia madimbwi."

Burmadow haukuwa mlima wa kuchezea. Kila bonde lilikuwa na maji yanayokimbia, kila jiwe lilivaa utelezi wa kijani. Walivuka vijito wakishikana mikono, Rage akimshika Sahro kwa ule mkono wa vidole vinne, naye hakuuachia. Kufikia saa tatu wingu liliwameza, na mvua haikuwa inanyesha tena, walikuwa wanatembea ndani yake. Kila Sahro aliposimama kupumua, Rage naye alisimama.

"Rudi, abaayo. Nitawaonyesha mimi."

"Nimekubeba siku nyingi. Nibebe wewe leo."

Saa tano na nusu walifika kwenye jiwe la kileleni. Sahro akatoa kitambaa chenye anjera iliyobaki. "Nifungie hii, Rage, niining'inize pale, tutaikuta tukirudi. Vidole vyangu vimekufa ganzi."

Rage alikikunja kitambaa, akapitisha ncha kwa mkono wa kushoto kutoka chini, akaiuma kwa meno na kuikaza. Akampa. Sahro alikichukua, akakipeleka kwa Sajini, akakiweka kwenye mikono yake.

"Toa shuka, afande."

Sajini aliitoa. Mafundo mawili yalikaa kando kwa kando, yote yamegeuka upande usio wa kawaida, yote yana meno.

"Hili fundo nimelitunga mimi," Sahro akasema kwa Kiswahili, sauti yake ikiwa ya chini. "Nilimfundisha mtoto mmoja aliyeungua kidole kwenye moto wangu, apate kufunga ndama kama wenzake. Hakuna mtu mwingine duniani anayefunga hivi."

"Mnasema nini?" Rage akauliza. Halafu akaliona fundo la shuka ya kijani, akauficha mkono wake wa kulia ndani ya nguo.

Sajini alisogea akasimama kati yake na njia. "Mama. Neno kwa neno."

"Neno kwa neno," Sahro akasema. Akamgeukia ndugu yake. "Anauliza, Jumatatu adhuhuri ulikuwa wapi."

"Nimeshasema. Msikitini."

"Ulikaa wapi?"

"Pembeni, ukutani..."

"Ukuta upi, Rage? Ulianguka usiku wa kuamkia Jumatatu. Jumatatu tuliswali kwenye baraza la duka, wote, nilimwona kila mtu isipokuwa wewe. Hukujua kwa sababu hukuwepo."

Kutoka chini upande wa magharibi, ndani ya ukungu, kengele ililia. Moja, kisha nyingi. Mbuzi. Sajini aligeuza kichwa.

"Za nani?"

"Mwambie ni zangu," Rage akasema. Akakaa juu ya jiwe. "Mwambie ni sitini. Kuna uwanda huko, abaayo, hujawahi kuona majani kama yale. Lakini ni mdogo! Ni wa mbuzi mia, mia mbili. Nyinyi mna elfu mbili huko chini. Mngeumaliza kwa siku kumi, halafu tungekufa sote sawasawa. Nilikuwa na mia nne. Nilizika mia tatu na arobaini kwa mikono yangu, mwaka mmoja. Nikasema hizi sitini hazifi. Jumapili nikazipandisha."

"Na Jumamosi ulikaa na wazee ukapitisha sahan."

"Ningesema nini? Niseme msitume? Mngeuliza kwa nini." Alijipangusa mvua usoni. "Abshir alitokea kwenye uwanda saa sita. Akaziona, akazijua alama za masikio. Nikamwambia, wewe ni kijana wangu, sema hakuna majani, nitakupa kumi. Akaniambia, adeer, ami yangu, nitasema niliyoyaona, na nitasema ni mbuzi wa nani. Akang'oa nyasi mbele ya macho yangu, na mizizi yake, akafunga. Nikamfuata mpaka hapa juu ya genge. Nilitaka kile kishada tu. Nilivuta shuka, naye akavuta. Nikaachia."

"Uliachia au ulisukuma?" Sajini akauliza baada ya kutafsiriwa.

"Niliachia kwa nguvu," Rage akasema.

Sahro alitafsiri hivyohivyo. Kisha akasema, bila kumwangalia Sajini, kwa lugha ya nyumbani: "Na Guleid? Mtoto huyo alikuwa anakuita awoowe, babu yake. Ulikuja ukanywa chai yangu ukaniambia subira."

"Ningemtoa, wallahi. Ningezungumza kabla gari halijafika."

"Lini? Leo ni Alhamisi."

Sajini aliandika, karatasi ikilowa chini ya kalamu yake. Alisema kwamba Guleid atafunguliwa jioni hiyohiyo wakishashuka, na kwamba mzee atalala mahali pake. Sahro aliyasikia maneno aliyoyangoja siku mbili, na hayakuwa na ladha yoyote.

Ndipo Yurub aliposema. Muda wote huo alikuwa amesimama ukingoni mwa genge, akitazama chini palipokuwa na matawi ya mgunga yaliyotawanyika. Alisema bila kugeuka:

"Rage. Alipoanguka, alikufa palepale?"

Upepo ulipita. Rage alitazama kidole chake kilichoganda.

"Nilimfunika," akasema. "Nisingemwacha fisi amle. Nilikata matawi, nikalaza miba nje, nikamsomea nilichokijua."

"Hilo sikukuuliza."

"Yurub, mbuzi zangu..."

"Sikukuuliza mbuzi."

"Anasema nini huyu mama?" Sajini akauliza. Sahro akamwambia. Sajini akafunga daftari, akatoa pingu mfukoni, akapata taabu kuifunga kwenye mkono ule wa kulia, ikabidi Sahro amwonyeshe namna ya kuupitisha. Ilikuwa saa saba. Wingu lilikuwa linazidi kushuka, na Sajini akasema waondoke sasa, maji ya vijito yanapanda.

Rage alisimama. Sahro alisimama. Yurub alikaa chini, pale ukingoni, miguu ikining'inia.

"Mama, twende," Sajini akasema. "Mwambie tutachelewa."

"Ameshasikia, afande. Haendi."

Walingoja. Hakuna aliyethubutu kumshika. Rage alitazama njia ya kushukia, akatazama mgongo wa yule mwanamke, akamtazama dada yake kama alivyokuwa akimtazama zamani akivunja kibuyu, akitaka aseme yeye kwa niaba yake. Mwishowe Rage akasema, maneno machache, akiyaelekeza ardhini.

Yurub aliweka mikono yote miwili kinywani.

"Amesema nini?" Sajini akauliza. "Mama Sahro. Neno kwa neno."

Sahro alimgeukia Sajini.

"Anasema Abshir hakufa palepale. Alikuwa anamwita mama yake. Anasema yeye alishuka, akaketi kwenye jiwe karibu naye, akangoja mpaka alasiri, kijana alipoacha kuita."